Chumvi ya samaki Nyeri: swali la mlimani, jawabu lake liko Pwani

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiulizwa swali moja na watu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki. Baadhi yao ni wenyeji wa huko, wengine ni ndugu zetu Wapwani waliopelekwa mlimani na kazi. Wanataka kufuga samaki wa baharini sebuleni, ndani ya tangi la kioo, pamoja na matumbawe machache. Swali lenyewe ni hili: ninunue chumvi gani?

Nimeamua kulijibu hapa, mbele ya wasomaji wa Pwani, kwa sababu samaki hao hawatoki Mto Chania wala Mto Gura. Wanatoka kwetu. Wapiga mbizi wetu huwanasa kwa nyavu ndogo za mkono kwenye miamba ya Shimoni, Kilifi na kwingineko, na biashara ya samaki wa mapambo imekuwa ikiwapeleka Ulaya, Marekani na Asia kwa miaka mingi. Samaki wa aina hiyo akifa Nyeri wiki ya pili kwa sababu ya maji mabaya, mnunuzi amepoteza pesa, na mwamba wetu umepoteza samaki. Kisha mnunuzi huyo huyo, kama hajakata tamaa, atapiga simu kuagiza mwingine.

Msimamo wangu ni kwamba chumvi ya tangi la mlimani ni jambo linalotuhusu. Anayeuza samaki hai kwa mtu aliye mbali na bahari kwa mamia ya kilomita ana wajibu wa kumwambia ni maji gani yanayomweka hai. Na sisi tunaoishi kando ya mashamba ya chumvi ya Magarini tuna la kujiuliza pia, nitakalolifikia mwishoni.

Chumvi ya jikoni haifanyi bahari

Jibu la kwanza ambalo mtu wa mlimani hulifikiria ni pakiti ya chumvi dukani. Kwenye pakiti imeandikwa kwamba chumvi imetoka baharini, na ni kweli. Chumvi nyingi inayoliwa Kenya imevunwa kwetu, Gongoni, Kurawa, Marereni na Ngomeni, kando ya barabara ya Malindi kwenda Garsen. Basi, mtu huwaza, nikiyeyusha chumvi ya bahari katika maji, si nimepata bahari?

Hapana, na anayetaka kujua sababu aende akaone kazi ya mashamba yale. Maji ya bahari huingizwa katika madimbwi mapana, yakaachiwa jua na upepo. Maji yanapopungua, madini hayatoki yote kwa pamoja. Chokaa hutangulia kuganda. Jasi hufuata. Baadaye, maji yakiwa mazito sana, ndipo chumvi tunayoijua huanza kutua chini. Kabla maji hayajakauka kabisa, mabaki yake huondolewa. Hayo ni maji machungu, mazito, yaliyobeba karibu magnesiamu yote, pamoja na sehemu kubwa ya potasiamu.

Kwa maneno mengine, shamba la chumvi ni chekecheo. Linatoa kalsiamu mwanzoni, linamwaga magnesiamu mwishoni, na linabakisha katikati chumvi safi ya kupikia. Kwa mpishi hiyo ni kazi nzuri, kwa sababu magnesiamu ni chungu na ikizidi hakuna atakayekula mchuzi. Kwa tumbawe ni msiba. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu, na bila magnesiamu ya kutosha majini kalsiamu hiyo haitulii.

Katika maji ya bahari ya kawaida, kila kilo moja ina chumvi gramu 35 hivi. Sodiamu na kloridi, ambazo ndizo chumvi ya jikoni, ni karibu asilimia 85 ya uzito huo. Asilimia 15 iliyobaki ndiyo tofauti kati ya bahari na sufuria ya mchuzi. Humo mna salfati, magnesiamu karibu miligramu 1,300 kwa lita, kalsiamu zaidi kidogo ya 400, potasiamu karibu 400, na vingine vidogo vidogo.

Wapo wanaoogopa iodini iliyotiwa katika chumvi ya chakula. Sheria ya Kenya imeagiza chumvi hiyo itiwe iodini tangu 1978, na sababu yake inawahusu watu wa nyanda za juu kuliko sisi tunaokula samaki wa baharini: rovu, ule uvimbe wa shingo, liliwasumbua sana. Iodini hiyo ni baraka kwa mtoto wa Othaya. Katika tangi la samaki haiko juu katika orodha ya hatari. Tatizo kubwa ni kile kilichokosekana.

Jibu la pili la mlimani ni duka la dawa za mifugo, na hili lina hatari zaidi. Chumvi ya ng'ombe mara nyingi huongezewa madini, shaba ikiwa mojawapo, kwa kuwa ng'ombe anaihitaji. Shaba kidogo tu majini huua kamba, konokono na matumbawe. Magadi nayo yasikaribishwe hata kidogo, kwani hupandisha ukali wa maji ghafla na samaki hana pa kukimbilia.

Inafurahisha kwamba Wagikuyu huiita chumvi cumbi, neno lililopanda mlima kutoka kwetu pamoja na bidhaa yenyewe. Wana pia neno munyu, ambalo wazee wetu wa Pwani wanalijua kwa maana ile ile. Biashara ya chumvi kati ya pwani na bara ni ya zamani. Hii ya kutengeneza bahari nyumbani ndiyo mpya, na haiwezi kufanywa kwa bidhaa ile ya zamani.

Je, si afadhali kubeba maji yenyewe?

Wapwani wengi nikiwaeleza haya hucheka na kusema: chumvi ya nini, wajazieni mitungi pale Nyali. Tufanye hesabu.

Chukua tangi la lita 200, ambalo ni la kiasi kwa anayeanza. Tangi dogo sana humsumbua mgeni, kwa sababu kosa dogo hubadilisha maji yote mara moja. Tangi hilo linahitaji lita 200 za kuanzia, kisha kubadilisha sehemu moja ya kumi kila wiki, yaani lita 20. Kwa mwaka mzima ni lita 1,240. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya mvua, kwa hivyo tunazungumzia karibu tani moja na robo, kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha kilomita 150 nyingine kupanda Nyeri.

Maji hayo hayo yakitengenezwa kwa chumvi ya mchanganyiko, yanahitaji gramu 37 hivi za unga kwa lita. Ukizidisha, ni kilo saba na nusu za kuanzia na kilo 38 au 39 za mwaka. Jumla ni kilo 46. Mzigo huo unaingia kwenye buti la matatu.

Uzito si kikwazo pekee. Maji yaliyochotwa yana vijidudu hai, na vikifungiwa gizani ndani ya mtungi kwa siku mbili hufa na kuoza. Maji yaliyochotwa karibu na mji baada ya mvua yana taka za mitaro. Yaliyochotwa penye mlango wa mto yana chumvi pungufu. Anayeishi Mtwapa na tangi lake anaweza kuchota maji bamvua, wakati yamejaa na ni safi, akayatumia siku hiyo hiyo. Aliye Nanyuki hana nafasi hiyo.

Maji ya mlima nayo yana maneno

Kabla ya chumvi kuna maji ya kuichanganya, na hapa ndipo wengi hupotea. Mtu wa Nyeri anajivunia maji yake, na ana haki. Lakini maji ya mfereji yametiwa klorini ili binadamu asiugue, na klorini huua samaki na wale bakteria wazuri wanaosafisha tangi. Maji ya mvua yanaonekana safi, ila kwa kawaida yamepita juu ya mabati, na mabati yamepakwa zinki. Zinki humwathiri tumbawe kama shaba. Maji ya kisima huja na madini yake ambayo hakuna aliyeyahesabu.

Njia ya uhakika ni maji yaliyopitishwa kwenye mtambo wa kuchuja kwa shinikizo, kupitia utando mwembamba unaozuia karibu kila kitu isipokuwa maji yenyewe. Maduka mengi ya kujazia maji ya kunywa mijini hutumia mtambo wa aina hiyo. Mnunuzi aulize mambo mawili: je, maji haya yamerudishiwa madini baada ya kuchujwa, na utando ulibadilishwa lini? Kisha ajipimie mwenyewe kwa kile kipimo kidogo cha kalamu kinachoonyesha madini yaliyoyeyuka. Kikisoma karibu na sifuri, maji yanafaa.

Nasisitiza hili kwa sababu ghali yote ya chumvi hupotea hapa. Mtengenezaji wa chumvi ya mchanganyiko amepima kila kitu kwa kudhani kwamba wewe unaleta maji matupu. Ukileta maji yenye madini yako, umeharibu hesabu yake.

Ipi basi?

Madukani na kwa waagizaji wa Nairobi utakutana na majina kama Instant Ocean ya Marekani, Tropic Marin ya Ujerumani na Red Sea, ambayo hujinadi kwamba chumvi yake huvunwa kutoka Bahari ya Shamu. Zote ni kampuni za siku nyingi na zote zimeweka samaki hai. Sitamwambia mtu kwamba jina moja ni dawa na lingine ni sumu. Nitamwambia asome ubavu wa ndoo.

Mwaka 1884 mkemia William Dittmar wa Glasgow alichapisha matokeo ya kupima sampuli 77 za maji zilizoletwa na meli ya Challenger, iliyozunguka dunia kati ya 1872 na 1876. Alithibitisha kwamba ingawa bahari moja inaweza kuwa na chumvi nyingi kuliko nyingine, uwiano wa madini makubwa ndani yake haubadiliki. Maji ya Kisite na maji ya Pasifiki yana mapishi yale yale. Kwa hivyo kipo kipimo kimoja cha kulinganishia chumvi zote, nacho ni bahari yenyewe.

Chumvi ya mwanafunzi iwe karibu na bahari. Ikichanganywa kufikia gramu 35 kwa kilo, kalsiamu iwe kati ya 400 na 440, magnesiamu kati ya 1,250 na 1,350, na kile kipimo kiitwacho KH, yaani nguvu ya maji ya kuzuia ukali wake usiyumbe, kiwe kati ya 7 na 9. Bahari yenyewe ina KH ya karibu 7.

Hiki cha mwisho ndicho kinachotenganisha ndoo moja na nyingine, hata za kampuni moja. Red Sea, kwa mfano, ina chumvi ya kawaida yenye KH ya karibu 8, na nyingine iitwayo Coral Pro yenye karibu 12. Muuzaji atamsukumia mgeni ile ya pili, kwa kuwa ina neno la sifa na bei ya juu. Chumvi zenye KH kubwa zimeundwa kwa matangi yaliyojaa matumbawe magumu yanayokua kwa kasi na kula madini hayo kila siku. Tangi jipya halina mlaji. KH itakaa juu, kisha kila mara maji yanapobadilishwa itapanda na kushuka, na tumbawe huchoshwa na kuyumba kuliko linavyochoshwa na upungufu mdogo.

Vile vile mgeni asianze na matumbawe magumu. Aanze na yale laini, yanayovumilia. Kwa hayo chumvi ya kawaida yatosha kabisa, kwani kila akibadilisha maji amerudisha kilicholiwa.

Sifa ya pili ya kutafuta ni kupatikana. Chumvi nzuri inayoletwa Kenya mara moja kwa mwaka na muuzaji mmoja ni hatari kuliko ya wastani iliyopo kila mwezi. Kubadilisha jina la chumvi kila ndoo ni kumhamisha samaki kila mwezi kutoka bahari moja hadi nyingine. Chagua moja, na ukianza na moja, baki nayo.

Sifa ya tatu ni ndoo inayofunga barabara. Unga huu hunyonya unyevu, hasa chumvi za magnesiamu na kalsiamu zilizomo. Ukishikana na kuwa jiwe, mchanganyiko wake si wa kuaminika tena. Chumvi iliyokaa ghalani Mombasa wakati wa masika, katika mfuko uliotobolewa, isinunuliwe hata kwa nusu bei. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Namna ya kuichanganya

Ndoo ikifika Nyeri imetikiswa barabarani siku nzima, na punje nzito zimeshuka chini. Igeuze na kuizungusha kabla ya kuchota. Pima kwa mizani, si kwa kikombe.

Pasha maji hadi nyuzi 25, weka pampu iyazungushe, kisha tia chumvi kidogo kidogo ndani ya maji. Usimwage maji juu ya chumvi. Ukifanya hivyo, kalsiamu na KH hukutana zikiwa nzito mno, zikaungana na kuwa chokaa, na utaona maji meupe kama tui. Ile weupe ni madini uliyoyanunua yakikutoroka. Fuata muda ulioandikwa na mtengenezaji, maana chumvi nyingine hutakiwa kutumika baada ya saa chache na nyingine husubiri hadi kesho.

Hakiki kwa refraktomita, kile kipimo cha kuangalia kwa jicho kama darubini ndogo. Ukisoma 35, au uzito wa 1.025 hadi 1.026, umefika. Kipimo chenyewe kirekebishwe kwa maji ya majaribio yaliyotengenezwa kuwa 35 kamili.

Baada ya hapo kuna kanuni ambayo kila mtu wa Gongoni anaijua bila kusomea: jua huchukua maji, chumvi hubaki. Tangi likipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu yaliyochujwa. Ukiongeza maji ya chumvi kila mara, umejijengea shamba la chumvi sebuleni. Nanyuki, ambako Januari na Februari hewa ni kavu na upepo ni mkali, huenda ikabidi kuongeza kila siku.

Na samaki wasubiri. Tangi jipya likae wiki nne hadi sita mpaka bakteria wakue, wale wanaogeuza uchafu wenye amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Chumvi bora kuliko zote haifanyi kazi hiyo kwa niaba yao.

Mlima hupunguza pumzi

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havitilii mkazo, kwa kuwa waandishi wake wengi wanaishi karibu na usawa wa bahari. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu, na Nanyuki huvuka 1,900. Huko juu hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yanayoshika karibu miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita hapa Mombasa, Nyeri yatashika kati ya 5 na 6.

Samaki wa mwambani, aliyezoea mawimbi yanayopiga usiku na mchana, ataihisi tofauti hiyo. Dawa yake ni uso wa maji kuchafuliwa wakati wote na pampu, samaki kuwa wachache kuliko vitabu vinavyoruhusu, na joto lisivuke nyuzi 26, kwani kadiri maji yanavyopata moto ndivyo oksijeni inavyopungua.

Baridi nayo ipo. Bahari yetu haishuki chini ya nyuzi 24 au 25 hata kusi inapovuma. Usiku wa Julai Nyeri ni wa makoti mazito, na hita ya tangi hufanya kazi bila kupumzika. Stima ikipotea, hita na pampu hulala pamoja. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, na hali hiyo ikarudi Novemba na Desemba mwaka huo. Mtu asiyeweza kununua pampu ya hewa ya betri asinunue samaki wa baharini. Pampu hiyo ina umuhimu sawa na ndoo ya chumvi.

Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, lakini chungu ndiye anayezama humo. Tangi la lita 200 ni kifuu, na samaki uliyemtia humo hana kina cha kukimbilia.

Deni letu Pwani

Sasa turudi nyumbani. Miamba inayotoa samaki hawa iko katika hali gani?

Mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi kwenye pwani yetu. Aprili 2024 wataalamu wa Marekani na wenzao wa kimataifa walitangaza kwamba dunia imo katika wimbi la nne la matumbawe kupauka, na Kenya na Tanzania zikatajwa miongoni mwa nchi zilizoguswa. Mwamba uliopauka hauna samaki wa kupoteza ovyo.

Jamii zetu zimeliona hili mapema. Kuruwitu, kule Vipingo, wenyeji waliunda chama chao mwaka 2003, na mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa uchukuaji holela wa samaki na matumbawe kwa ajili ya matangi. Mwaka 2005 wakatenga hekta 30 hivi za bahari na kuacha kuvua humo. Mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wavuvi wale walijinyima ili samaki warudi. Ni dharau kwao samaki wa jirani zao kwenda kufia katika maji ya chumvi ya ng'ombe.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku biashara yote. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Mpiga mbizi mwenye leseni na wavu wa mkono analisha familia bila baruti wala juya, na samaki mmoja hai humpa zaidi kuliko samaki huyo akiwa kwenye kikaango. Kinachohitajika ni kila samaki anayetolewa aishi. Mwenye duka Mombasa asikubali kumpandisha samaki kwenye basi la Nyeri kabla mnunuzi hajaonyesha picha ya tangi lenye umri wa wiki sita, jina la chumvi na vipimo vya maji. Hili halihitaji sheria mpya. Lahitaji mfanyabiashara anayetaka mteja wa miaka mitano badala ya mteja wa wiki mbili.

Kuhusu matumbawe, mnunuzi wa mlimani asimtume utingo amletee kipande kutoka Shimoni. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari hairuhusiwi kuchukua chochote, hata kombe tupu. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali. Anunue vipande vilivyokuzwa ndani ya matangi, na adai karatasi.

La mwisho ni Magarini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi wa umma kuhusu viwanda vya chumvi huko, na ripoti yake ya 2006 ilieleza malalamiko ya wenyeji kuhusu ardhi, mazingira na haki za wafanyakazi. Mambo hayo yanajulikana na mengine hayajapoa. Nataka kuongeza swali dogo kando ya hayo makubwa. Kila msimu mashamba yale hutoa maji machungu yenye magnesiamu. Wajapani huyavuna ya kwao, wakayaita nigari na kugandishia tofu. Sisi tunauza chumvi ya jikoni kwa bei ya gunia, kisha mtu wa Nyeri anaagiza kutoka Ujerumani ndoo ambayo sehemu yake ya thamani ni vile vitu vinavyotupwa Gongoni.

Sisemi kwamba kesho tutajenga kiwanda. Soko la matangi nchini ni dogo, na mchanganyiko wa kuaminika wahitaji maabara, usafi na vipimo vya kila fungu la uzalishaji. Lakini Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko hapa Mombasa tangu 1979, na Wizara ya uchumi wa bahari iliwekwa mikononi mwa Hassan Joho, mwana wa Mombasa, mwaka 2024. Kila hotuba ya uchumi wa buluu hutaja kuongeza thamani. Basi wapime maji machungu ya Magarini, watuambie yana nini na yanaweza kuuzwa kama nini, na faida ikipatikana, wenyeji wa Magarini wawe wa kwanza kuiona.

Hadi hapo, kwa ndugu zangu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki: nunueni chumvi ya kawaida ya matumbawe yenye KH ya 7 hadi 9, ile mtakayoipata tena mwezi ujao. Ichanganyeni katika maji yaliyochujwa hadi kipimo kisome karibu na sifuri. Subirini wiki sita. Kisha pigeni simu Pwani, na mkiulizwa kuhusu maji yenu kabla ya kuuziwa samaki, msikasirike. Huyo ndiye muuzaji wa kumshika.